Historia ya Kuogesha Mbwa na Kusafisha Masikio Yake

Kuogesha mbwa kwa maji na sabuni ni desturi changa. Mbwa ameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 14,000, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuogeshwa ili anukie vizuri. Alipopakwa dawa au kumwagiwa maji, sababu ilikuwa wadudu: kupe, viroboto, nzi na utitiri wa upele. Mchungaji hakujali harufu ya mbwa aliyelala zizini. Alichojali ni kwamba mbwa anayejikuna usiku kucha halindi kondoo. Ndiyo maana maandishi ya kale ya Kirumi kuhusu utunzaji wa mbwa yanatilia mkazo masikio, kwani huko ndiko wadudu wanakopenda kujificha na ndiko mbwa mwenyewe asikoweza kufika kwa ulimi wala kwa meno.

Marcus Terentius Varro, Mroma aliyeandika kitabu cha kilimo mwaka 37 kabla ya Kristo akikaribia umri wa miaka 80, aliwaelekeza wafugaji waponde lozi ndani ya maji na kuwapaka mbwa masikioni na katikati ya vidole. Sababu aliitaja wazi: mbwa asiyepakwa hushambuliwa na nzi, kupe na viroboto mpaka akatoka vidonda. Takriban miaka 100 baadaye Columella, mzaliwa wa Gades kusini mwa Hispania, alilieleza jambo hilo kwa kina zaidi. Kabla ya vidonda kutokea, masikio yalipakwa lozi chungu zilizopondwa. Vidonda vikishatokea, lozi hazikutosha tena, na hapo alishauri lami ya majimaji iliyochanganywa na mafuta ya nguruwe. Dawa hiyohiyo, alisema, ikimgusa kupe humfanya aanguke, na alikataza kumng'oa kupe kwa vidole kwa sababu mahali aliponyofolewa hubaki kidonda. Dhidi ya viroboto alitaja jira iliyosagwa pamoja na mzizi wenye sumu uitwao helebori na kukorogwa majini, au mashapo ya mafuta ya zeituni yaliyokaa muda mrefu, ambayo mbwa alimiminiwa mwili mzima.

Ushauri huo ulitokana na watu waliomwangalia mbwa kwa makini. Lozi chungu zina sumu kidogo ya asili, na lami huwafukuza nzi na kukifunika kidonda. Hata mpangilio wa kazi ni wa busara: kinga kwanza, tiba baadaye, kupe asinyofolewe ovyo. Kilichokosekana ni namna ya kumzuia mbwa asilambe alichopakwa, na kasoro hiyo iliandamana na dawa za mbwa kwa karne nyingi zilizofuata, ikawaua wengi.

Katika karne ya 2 baada ya Kristo, Arrian, Mgiriki wa Nikomedia aliyewahi kuwa gavana wa Kapadokia chini ya Kaisari Hadrian, aliandika kuhusu mbwa wa mbio. Hakuzungumzia beseni wala maji. Alishauri mbwa asuguliwe mwili mzima kwa mikono, kama farasi anavyosuguliwa, kwa kuwa msuguo huimarisha viungo, hulainisha manyoya na huondoa uchafu wa ngozi. Usafi wa mbwa ulikuwa usafi mkavu, na ulibaki hivyo kwa watunzaji wengi hadi karne ya 19. Mtu aliyezoea kuona mbwa akipakwa mapovu anaweza kudhani huo ulikuwa uzembe, lakini ngozi ya mbwa ina mafuta yake yanayoikinga, na kuisugua kila siku huyatandaza mafuta hayo badala ya kuyaondoa.

Maelezo bora kabisa ya zama za kati yanatoka chini ya milima ya Pyrenees. Gaston wa Tatu, mtawala wa Foix aliyejiita Fébus, alianza kuandika kitabu chake cha uwindaji mwezi Mei 1387. Baadhi ya nakala zake zilipambwa kwa michoro ya rangi inayowaonyesha watumishi wakiwakagua mbwa vinywa na kuwaosha miguu iliyoumia. Mtu huyu alipenda mbwa kuliko vitu vingi duniani, na banda alilolieleza linathibitisha hivyo. Lilikuwa na mlango mbele na mwingine nyuma, ukifunguka kwenye uwanja unaopata jua mchana kutwa. Majani makavu ya kulalia yalibadilishwa mara kwa mara, maji safi hayakukosekana, na ndani vilisimikwa vigingi vilivyofungwa majani ili mbwa wakojolee hapo badala ya kuchafua malalo. Kijana mmoja alilala nao usiku ili wasipigane. Kila asubuhi mbwa walichanwa na kufutwa kwa kifungu cha majani makavu, kazi iliyofanana na ile ya Arrian ila mikono ilipewa nafasi na majani.

Gaston aliyapa masikio nafasi yao kati ya magonjwa ya mbwa wawindaji. Alieleza uchafu unaotoka sikioni, mbwa anayejikuna kwa mguu wa nyuma mpaka hali inakuwa mbaya zaidi, na uziwi unaoweza kufuata. Tiba yake ilikuwa divai ya vuguvugu. Sikio lilioshwa vizuri kwa kitambaa kilicholowa divai hiyo, mara tatu au nne kwa siku. Likishasafishwa, lilidondoshewa ndani matone machache ya mafuta yenye kamomili, yakiwa na joto la maziwa yaliyokamuliwa punde, na mbwa alizuiwa asijikune. Edward, Duke wa York, aliyekitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza kati ya 1406 na 1413 kabla ya kufa vitani Agincourt mwaka 1415, aliuhifadhi ushauri huo.

Divai ina kileo na asidi. Vyote viwili huua sehemu ya vijidudu na hukausha haraka kuliko maji. Dawa za kusafishia masikio zinazotumiwa leo hutegemea pia asidi hafifu na vitu vinavyokausha. Zaidi ya hayo, Gaston alijua kwamba dawa ikidondoshwa juu ya uchafu haiifikii ngozi, kwa hiyo kuosha kulitangulia na mafuta yakafuata. Daktari wa mifugo wa siku hizi angebadilisha viungo vya dawa na kuacha utaratibu vilevile.

Ili kuelewa kwa nini sikio la mbwa limewasumbua watu kwa muda mrefu namna hiyo, inafaa kulitazama lenyewe. Tundu la sikio la binadamu ni fupi na karibu limenyooka. La mbwa huteremka wima kwanza, kisha hukata kona na kwenda ndani kwa ulalo kuelekea kwenye ngoma ya sikio. Maji yakiingia hubaki penye kona. Nta hutengenezwa humo, na katika sikio lenye afya ngozi yenyewe huisukuma nje polepole. Mahali penye joto, giza, mafuta na unyevu ni shamba zuri la bakteria na kuvu. Sikio lililosimama hupata hewa, na bweha na mbwa mwitu wote wana masikio yaliyosimama. Masikio yanayoning'inia ni matokeo ya ufugaji, jambo ambalo Charles Darwin alilitaja katika kitabu chake cha 1859 alipoonyesha jinsi wanyama wafugwao wa aina nyingi walivyolegea masikio. Mbwa wa misitu ya Kongo anayejulikana Ulaya kwa jina la basenji amebaki na masikio yaliyochongoka, manyoya mafupi na tabia ya kujilamba mwili mzima kama paka. Mbwa wa namna hiyo humdai mtunzaji wake kidogo sana. Wale waliochaguliwa na binadamu kwa manyoya marefu na masikio mazito, kama aina za spanieli, walizaliwa wakiwa tayari na deni ambalo mtu ndiye wa kulilipa.

Kuogesha mbwa kama kazi ya kulipwa kulipata sura yake Paris. Katika karne za 18 na 19 wanyoaji wa mbwa walikaa kando ya mto Seine, hasa karibu na daraja la Pont Neuf, wakiwa na makasi, sanduku la vifaa na mto wenyewe kama beseni. Wengi wao walihasi paka pia. Mteja wao mkuu alikuwa pudeli, mbwa aliyeanza kama mwindaji wa bata majini. Manyoya yake ya nyuma yalinyolewa ili aogelee kwa wepesi, na yale ya kifuani yakaachwa yamkinge na baridi. Alipoingia katika nyumba za matajiri, unyoaji huo wa kazi ukageuka kuwa urembo. Mwaka 1855 Ufaransa iliweka kodi ya mbwa iliyotofautisha mbwa wa starehe na mbwa wa ulinzi, wale wa kwanza wakitozwa zaidi. Sheria hiyo ilikiri jambo ambalo wanyoaji wa Seine walikwisha kulijua: palikuwa na kundi kubwa la mbwa wasiofanya kazi nyingine isipokuwa kukaa na watu. Mbwa anayelala juu ya kiti cha sebuleni ndiye aliyezua haja ya kuoga kwa sababu ya harufu.

Uingereza ilikuwa na desturi nyingine, na ndiko ambako madhara ya maji sikioni yaliandikwa kwa uangalifu. Delabere Blaine, daktari wa wanyama aliyekuwa na zahanati London, na mshirika wake William Youatt, waliwatibu mbwa wakati ambapo waganga wengi wa wanyama walijali farasi tu. Youatt alichapisha kitabu chake kuhusu mbwa mwaka 1845. Waligundua kwamba ugonjwa wa masikio wenye usaha na harufu uliwapata zaidi mbwa wa majini, yaani spanieli na wale wakubwa wa Newfoundland, waliokuwa wakiogelea mara kwa mara. Mbwa aliyeingia majini alitoka na sikio lililolowa chini ya pazia zito la ngozi na manyoya, na unyevu haukupata pa kutokea. Tiba yao ilikuwa kuosha sikio kwa maji ya vuguvugu, kisha kutia maji ya shabu au ya chumvi ya risasi ili kulikausha. Mbwa alivishwa kofia ya kitambaa iliyobana masikio kichwani asiyapige kwa kutikisa kichwa.

Shabu ilifaa. Risasi ni sumu, na haikupaswa kuwekwa karibu na mnyama anayejilamba. Hata hivyo kazi ya watu hawa wawili ina thamani kubwa, kwa kuwa waliutoa ugonjwa wa sikio katika dhana ya damu chafu na kuuhusisha na jambo ambalo mwenye mbwa angeweza kulibadilisha: maji yanayobaki ndani.

Wengine walichagua kisu. Mbwa wa kuwinda mbweha walikatwa ncha za masikio kwa chuma cha mviringo, kwa maelezo kwamba masikio marefu huchanwa na miiba. Mbwa wa kupigana na baadhi ya mbwa wa maonyesho walikatwa masikio yasimame. Watetezi wa desturi hiyo walidai kwamba sikio lililokatwa hubaki safi, hoja isiyo na msingi, kwa kuwa kona ya ndani haibadiliki kwa kukata sehemu ya nje. Maonyesho ya mbwa yalianza Newcastle mwaka 1859, na Kennel Club, chama cha kusimamia mbwa wa nasaba safi, kiliundwa mwaka 1873. Katika miaka ya 1890 chama hicho kiliamua kuwazuia mbwa waliokatwa masikio wasishindanishwe, baada ya sauti nyingi kupazwa, mojawapo ikiwa ya mrithi wa kiti cha ufalme, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba. Hiyo ilikuwa haki iliyochelewa.

Wakati madaktari wa London wakizungumzia maji, chanzo kingine cha ugonjwa kilipatikana Ujerumani. Mwaka 1838 Eduard Hering, mwalimu wa tiba ya wanyama mjini Stuttgart, alieleza utitiri mdogo mweupe unaoishi ndani ya masikio ya mbwa. Hauchimbi ngozi kama ule wa upele. Hutembea juu yake, hula uchafu na majimaji ya ngozi, na huacha ukoko mweusi unaofanana na unga wa kahawa. Ugunduzi huu uliwatenganisha mbwa wawili ambao kwa macho walionekana kuwa na ugonjwa mmoja. Mmoja alihitaji kukaushwa, na mwingine alihitaji dawa ya kuua utitiri, pamoja na mbwa na paka wote wa nyumba hiyo, kwa sababu utitiri huo huhama kutoka mnyama hadi mnyama.

Sabuni iliingia katika simulizi hii kwa njia ya fedha. Kwa karne nyingi sabuni nzuri ilikuwa ghali, na Uingereza iliitoza kodi hadi mwaka 1853. Kodi ilipofutwa, viwanda vikaongezeka, na muda si mrefu palikuwa na sabuni za mbwa madukani. Kampuni iliyoanzishwa London na James Spratt, Mmarekani aliyetengeneza biskuti za mbwa kuanzia miaka ya 1860, iliuza pia sabuni zao. Baada ya Joseph Lister kuonyesha mwaka 1867 kwamba asidi ya kaboliki inazuia usaha katika vidonda vya upasuaji, kaboliki ikatiwa katika kila kitu, sabuni ya mbwa ikiwemo. Iliua viroboto kweli. Iliunguza pia ngozi, na mbwa aliyelamba mwili wake baada ya kuoga aliweza kupata sumu. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa marhamu za zebaki na maji ya tumbaku, zilizotumiwa dhidi ya upele na viroboto. Salfa iliyochanganywa na mafuta ilikuwa afadhali kuliko zote hizo, na salfa bado inatumika hadi sasa katika baadhi ya sabuni za ngozi.

Wafugaji wazoefu walihofia sabuni kali na wengine walimwosha mbwa kwa kiini cha yai, ambacho hutoa povu kidogo na hakiharibu manyoya. Hofu yao ilikuwa ya haki. Ngozi ya binadamu ina asidi zaidi kuliko ya mbwa, na tabaka la juu la ngozi ya mbwa ni jembamba. Sabuni ya kufulia huondoa mafuta yote, ngozi hukauka na kupasuka, na mbwa aliyeogeshwa ili asijikune huanza kujikuna upya.

Katika vita dhidi ya viroboto na kupe, Afrika Mashariki ilikuwa na mchango wake mkubwa, nao ni ua la pareto. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki. Maua yake yaliyokaushwa na kusagwa yaliuzwa Ulaya katika karne ya 19, na unga wa Thomas Keating wa London ulinyunyizwa vitandani na juu ya mbwa pia. Unga huo ulipendwa kwa sababu uliua wadudu haraka bila kumdhuru mbwa, jambo ambalo kaboliki na zebaki hazikuliweza. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Japani ndiyo iliyoongoza kwa kilimo cha pareto. Mbegu zilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, zikapandwa katika nyanda za juu zenye baridi, na vita vilipofunga biashara ya Japani, Kenya ikawa muuzaji mkuu wa dunia. Mwanzoni kilimo hicho kilikuwa cha walowezi; wakulima Waafrika waliruhusiwa kwa wingi katika miaka ya 1950. Kiwanda kikubwa kilikuwa Nakuru, na wakulima wa Molo, Nyandarua na Kisii walisomesha watoto kwa maua hayo. Pareto ilistawi pia Iringa na Mbeya nchini Tanzania, na katika nchi ya volkano kaskazini mwa Rwanda.

Hivyo kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya dawa iliyokuwa ndani ya unga na shampuu za mbwa wa London na New York ilichumwa kwa mikono ya wanawake wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Historia ya pareto husimuliwa mara nyingi kama historia ya mauzo ya nje tu, na mahali ua lilipoishia husahaulika. Mwaka 1973 watafiti wa Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitengeneza permetrini, dawa ya kiwandani inayoiga kemia ya pareto lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Ilikuwa rahisi kuitengeneza kwa wingi, na soko la ua lenyewe likapungua. Permetrini humfaa mbwa, ila ni sumu kali kwa paka, na paka wengi wamekufa kwa kupakwa dawa ya mbwa wa nyumba hiyohiyo.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kuogesha mbwa hakukuwa sehemu ya kazi za nyumbani. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi'i, ambayo huhesabu mate na unyevu wa mbwa kuwa najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa wa kuwinda na wa ulinzi waliruhusiwa, lakini makazi yao yalikuwa nje. Bara pia mbwa wa mwindaji na wa mfugaji aliishi uani, na usafi wake ulikuwa ni kutolewa kupe. Mbwa wa kuogeshwa kwa shampuu alifika na walowezi na watumishi wa serikali za kikoloni, na kazi yenyewe mara nyingi ilifanywa na watumishi Waafrika wa nyumba hizo.

Hatari ya kupe, hata hivyo, ilikuwa ya mbwa wote. Mwaka 1901 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu katika Koloni la Cape, alithibitisha kwamba homa inayowaua mbwa na kuwaletea umanjano huambukizwa na kupe. Mwaka 1904 alionyesha pia kwamba kupe wa kahawia wa masikioni hueneza homa ya ng'ombe inayojulikana Afrika Mashariki kama ndigana kali. Ugunduzi huo wa pili ndio uliosukuma ujenzi wa majosho kote kusini na mashariki mwa Afrika. Mbwa hakujengewa josho lake, lakini dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya ng'ombe ndiyo mara nyingi iliyomfikia, kwanza yenye arseniki, baadaye amitrazi na nyinginezo. Arseniki ilikuwa hatari kubwa kwa mnyama anayejilamba. Amitrazi ni salama zaidi ikipimwa sawasawa, na tatizo la vijijini limekuwa kipimo: dawa ya ng'ombe ikikadiriwa kwa macho humwangusha mbwa badala ya kupe.

Mwaka 1935 Donatien na Lestoquard, watafiti wa Taasisi ya Pasteur nchini Algeria, waliona katika damu ya mbwa vijidudu vinavyoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Ugonjwa huo, uitwao sasa erlikiosisi, ulijulikana Nairobi katika miaka ya 1960 kama maradhi ya kutoka damu, kwa kuwa mbwa walitokwa damu puani bila kuumia. Katika muongo huohuo uliwapata mbwa wa jeshi la Uingereza waliokuwa Singapore na wa jeshi la Marekani waliokuwa Vietnam, na mbwa wengi wa vita walikufa. Kupe anayeueneza hupenda kujishikiza ndani ya masikio na katikati ya vidole, palepale ambapo Varro aliagiza lozi zipakwe.

Fundisho la mwisho kuhusu unyevu lilitoka maabara. Mwaka 1925 kuvu wa aina ya hamira alielezwa kutoka kwenye ngozi ya kifaru aliyekuwa akiugua katika bustani ya wanyama ya Philadelphia. Mwaka 1955 Gustafson wa Sweden alichapisha utafiti mrefu kuhusu ugonjwa wa masikio ya mbwa, ambamo alionyesha nafasi ya kuvu wa jamii hiyo. Huyo ni mkazi wa kawaida wa ngozi ya mbwa. Sikio linapolowa au kuvimba kwa mzio, huongezeka haraka na kutoa harufu nzito kama ya chachu. Kwa masikio yaliyokwisha kuharibika, Clarence Zepp wa Marekani alieleza mwaka 1949 upasuaji unaofungua ukuta wa nje wa sehemu ya wima ili hewa iingie. Upasuaji huo ulikiri kwa kisu cha daktari kile ambacho Blaine na Youatt walikiona kwa macho: sikio hupona likipata kukauka.

Miaka ya 1920 iliwaletea watu vijiti vya pamba, vilivyobuniwa Marekani kwa ajili ya watoto wachanga, na wenye mbwa wakavitumia masikioni. Havikufaa. Kwa sababu ya kona, kijiti husukuma nta ndani na kuishindilia, na mbwa akishtuka, kinaweza kujeruhi ngoma. Utaratibu unaofundishwa sasa na madaktari wa mifugo ni kutia dawa ya kusafishia mpaka ijae, kukanda shina la sikio kwa nje hadi isikike ikichuruzika, kumwacha mbwa atikise kichwa, kisha kufuta kile tu kinachoonekana kwa pamba au kitambaa laini. Wakati wa kuoga, pamba kavu huwekwa mlangoni mwa tundu, kichwa huoshwa kwa kitambaa badala ya kumwagiwa maji, na masikio hukaushwa mwisho. Spiriti, mafuta ya taa na hidrojeni peroksaidi huchoma ngozi iliyovimba na hazitiwi kamwe. Sikio linalonuka, linalotoa usaha au linalouma linahitaji kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa ngoma ikiwa imetoboka, baadhi ya dawa hupita ndani na kuleta uziwi.

Dawa za kumeza zilizoanza kuuzwa kuanzia mwaka 2013, zinazoua kupe, viroboto na hata utitiri wa masikio kutoka ndani ya damu, zimelitenganisha kabisa josho na usafi. Mahali zinapopatikana, mbwa hahitaji kuogeshwa kwa sumu. Mbwa mwenye afya hutosheka kuoga mara moja kwa mwezi au anapochafuka, na shampuu zenye klorheksidini zimebaki kuwa tiba ya ngozi yenye kuvu. Katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki vidonge hivyo bado ni ghali, na kupe wa kahawia wa mbwa anaendelea kuishi ndani ya mabanda. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai katika nyufa za ukuta na sakafu, kwa hiyo anayemwogesha mbwa na kumkagua masikio bila kuzishughulikia nyufa za banda atakuta kupe wapya palepale baada ya majuma machache.